Kidonda cha Bodi

3 Machi

Daftari hili lilikuwa la hesabu la binti yangu. Kurasa za mbele zimejaa sehemu na desimali, za nyuma ni zangu. Sabini ndiye aliyeniambia niandike. "Bodi inapenda karatasi, bwana," kasema. "Andika kila siku umeumwa wapi, saa ngapi, umelia au hukulia. Siku ya siku unawawekea mezani, wanakosa la kusema."

Haya, naandika. Leo sijaumwa popote.

Sabini ni jirani wa mlango wa tatu. Jina la kupewa na mama yake analo, ila kwenye nyumba hizi za majeruhi tunaitana kwa asilimia za ulemavu tulizopewa na bodi ya jeshi. Yeye mguu umekatwa juu ya goti na vidole vitatu vya mkono havipo, akapewa sabini. Mimi nilikanyaga bomu la ardhini nikakatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, nikapewa arobaini. Basi hata watoto wa jirani wananisalimu, "Shikamoo, Arobaini." Mke wangu halipendi jina hilo. Anasema arobaini ni siku za mwizi, sasa sisi tumeiba nini?

Juzi imekuja barua. Wote tulio chini ya hamsini tunapimwa upya tarehe 25. Atakayebaki chini ya hamsini atahesabiwa kuwa anajiweza, na nyumba atairudisha kabla Juni haijaisha. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na dirisha moja la mbele. Dirisha hilo ndilo duka la mke wangu. Anakaa hapo na cherehani yake tangu asubuhi, watu wanampa sare za watoto wao wakipita. Bila dirisha hilo sisi hatuna kitu. Nimeisoma barua mara nne nikitafuta mahali pa kupumulia. Hapapo.

5 Machi

Mvua imeanza. Sijaumwa.

6 Machi

Leo nimefundishwa kuchechemea. Sicheki, naandika yaliyotokea. Sabini ana darasa lake nyuma ya matangi ya maji, na wote wanaopelekwa bodi hupita kwake. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, wewe unatembea mbele yake.

"Unatembea kama bwana harusi!" akanipigia kelele. "Inama! Shika ukuta! Uso wako uko wapi? Uumize!"

Mimi nilikuwa mwalimu wa gwaride. Miaka kumi na mmoja nimewafundisha vijana kutembea mpaka waliokuja na miguu ya bata wakaondoka wamenyooka. Nilipopata mguu bandia nilijifundisha upya, miezi minane, mpaka ukiniona na suruali ndefu hujui upi wangu na upi wa kiwandani. Leo mtu ananikaripia kwa sababu natembea vizuri. Nilijaribu mara sita. Nikifika hatua ya tatu mgongo unanyooka wenyewe.

"Utalala nje kwa ajili ya mgongo huo," Sabini akasema, na hakuwa anatania.

8 Machi

Mvua. Kigutu kimevimba kidogo, kikombe cha mguu bandia, kile kinachopokea kigutu, kinabana. Kila masika huwa hivyo.

12 Machi

Nimepata kidonda. Kiko chini ya goti kwa mbele, pale mfupa unapogusana na ukingo wa kikombe. Ukubwa wa punje ya maharage. Soksi ya kigutu ilikuwa na unyevu, nikadhani ni mvua, kumbe ni mimi.

Nilikuwa nimeshaondoka kwenda zahanati, ipo ng'ambo ya barabara tu. Nikakutana na Sabini njiani. Nikamwonyesha. Wallahi yule mtu alifurahi kana kwamba nimezaa.

"Hiyo ni kumi nzima!" akasema. "Arobaini na kumi ni ngapi? Usiiguse. Usipake kitu. Mimi nilikwenda bodi na kidonda kama hicho hicho, nimetoka na sabini. Ukikitibu leo, tarehe 25 utawaonyesha nini? Kovu?"

Nikamwambia kidonda ni kidonda, kinaweza kuharibika.

"Siku kumi na tatu, Arobaini. Mwanajeshi mzima unashindwa siku kumi na tatu?"

Nimerudi nyumbani. Mke wangu aliuliza mbona nimerudi upesi, nikasema foleni ilikuwa ndefu.

13 Machi

Maumivu kiasi. Ndiyo, bodi, naandika kwa ajili yenu: maumivu kiasi.

14 Machi

Mvua kutwa. Maumivu kiasi.

17 Machi

Mke wangu kaniuliza kwa nini siku hizi navaa suruali hata ndani. Nikasema baridi. Akaniangalia akiwa na pini mdomoni, kisha akarudi kwenye cherehani. Kabla ya kidonda hiki sikuwahi kumdanganya mwanamke huyu ila siku tuliyoposa, nilipomwambia napenda kuimba.

21 Machi

Kidonda sasa kama kifuniko cha chupa. Kimeanza kunuka ukikifungua. Zimebaki siku nne.

24 Machi

Bodi haiji! Daraja limechukuliwa na maji, magari hayapiti. Karani kabandika karatasi mlangoni mwa ofisi: bodi itakaa tarehe 8 Aprili. Watu walisoma wakaondoka wakinung'unika. Mimi nilibaki pale nimeshika nguzo. Wiki mbili tena. Nilikuwa nimejipimia uvumilivu wa mpaka kesho tu, kama mtu aliyebeba maji akijua mlango uko karibu.

Nilivuka barabara mpaka geti la zahanati. Muuguzi alikuwa barazani anakausha mwavuli, akaniita, "Karibu baba, unasumbuliwa na nini?" Nikasema nimejikinga mvua tu.

Siku kumi na mbili zote zilizopita zingekuwa kazi bure. Ndivyo nilivyofikiri. Ukishalipia kitu nusu, huoni njia ya kukiacha.

29 Machi

Mvua. Goti zito asubuhi.

2 Aprili

Sabini kaja kukikagua. Safari hii hakushangilia. "Kimekua," akasema, kisha akarudia na kurudia kwamba chake kilikuwa kibaya zaidi. Mtu akikuambia hivyo mara tatu kwa dakika moja, roho yako haiwezi kutulia.

7 Aprili

Wameahirisha tena. Paa la ukumbi linavuja, mafaili yameloa. Tarehe 15. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja akamvuta mtoto wake pembeni.

10 Aprili

Leo yametoka yote. Nina homa tangu jana na nilishindwa kuamka kufua soksi zangu mwenyewe. Mke wangu akazichukua. Nilimsikia uani maji yanamwagika, kisha yakaacha kumwagika. Akaingia na soksi mkononi ameishika kwa ncha.

"Hii nini?"

"Usaha."

"Najua ni usaha, mimi si kipofu. Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamweleza yote, Sabini, kumi nzima, zahanati. Alikaa kitandani akanifungua mwenyewe. Alipokiona aliweka mkono mdomoni. Kisha akanitukana, jamani, alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua, na binti akatumwa dukani kununua chumvi ambayo ipo tele. "Umelala na mimi mwezi mzima unaoza! Unaoza pembeni yangu na mimi nakuuliza baridi, unasema baridi! Simama twende hospitali. Simama!"

Nikasema, "Siku tano, mama watoto. Zimebaki tano tu."

Hapo ndipo nilipotegemea anivute kwa shati. Hakunivuta. Aligeuza uso akatazama dirisha, akaiona cherehani na zile sare za watu zilizokunjwa juu ya kiti. Alitazama muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatukusikiana hata kupumua.

"Tano," akasema. "Haizidi hata moja."

Akachemsha maji ya chumvi akaniosha pembeni ya kidonda tu, katikati hakugusa. Niliona alivyokuwa anakizungusha kitambaa asikiguse. Sikutaka kuona.

11 Aprili

Homa. Nne.

12 Aprili

Tatu. Goti halikunjiki vizuri. Mke wangu hajaniuliza kitu, ananilisha tu.

13 Aprili

Mbili.

14 Aprili

Moja. Namwomba Mungu daraja lisimame.

15 Aprili

Naandika nikiwa wodini. Nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya kuhusu yaliyotokea.

Tulikwenda ukumbini saa tatu, mimi na mke wangu. Ndoo zimepangwa sakafuni zinapokea matone. Mbele kuna meza, na mezani watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni mzee mwenye mgongo wa kijeshi; daktari wa bodi, ambaye ni mama wa makamo mwenye miwani; na karani. Sikuhitaji tena darasa la Sabini. Kila hatua ilikuwa inanipiga mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimeushika ukuta, tena ukuta wa kweli, kwa maumivu ya kweli. Nikasema moyoni, leo mtaona.

Mwenyekiti akainua kichwa. "Koplo!" akaita. "Njoo mbele!"

Ile sauti. Miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyekuwa naitoa sauti ile. Mkono uliachia ukuta, mgongo ukanyooka, nikatembea. Hatua tisa. Nilizihesabu, sikuyumba hata moja, nikasimama mguu sawa mbele ya meza jasho linanitiririka. Nilimsikia mke wangu nyuma anasema taratibu, "Ee Mungu wangu, huyu mwanamume."

Karani akaandika. Niliona kalamu inavyokwenda: anatembea vizuri.

Nikasema, "Mheshimiwa, nina kidonda." Nikakaa, nikavua mguu, nikafungua kitambaa. Harufu ikafika kabla hawajaona. Nikawasukumia na daftari hili.

Daktari akaja akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Alikitazama, akaligusa goti, akalikunja, nikapiga kelele. Mwenyekiti akauliza, "Hiki kina asilimia ngapi, daktari?"

"Hakina," akasema. "Jedwali linapima mfupa umeishia wapi na goti linafanya kazi au halifanyi. Kidonda ni ugonjwa. Kinatibiwa, hakipimwi. Hakijawahi kupimwa."

Nilidhani sikumwelewa. Nikamwambia kwamba ni kumi. Nikamwambia kila mtu anajua kwamba ni kumi.

"Nani kakwambia?" Kisha akauliza, "Umekaa nacho tangu lini?"

"Tangu tarehe 12 Machi."

"Mwezi mzima! Na zahanati ipo palepale! Ulikuwa unasubiri nini, baba?"

"Nilikuwa nawasubiri nyinyi," nikasema.

Alivua miwani. Halafu karani akauliza aandike ngapi, mwenyekiti akasema arobaini, na daktari akaita gari la wagonjwa.

17 Aprili

Sindano kila baada ya saa sita. Sina hasira na mtu isipokuwa mmoja, naye nimelala ndani ya ngozi yake.

19 Aprili

Naandika jambo la aibu.

Leo asubuhi daktari wa upasuaji, kijana mpole, alikaa pembeni ya kitanda. Alisema usaha umeshika mfupa karibu na goti. Kuna njia mbili. Ya kwanza, asafishe, arudi kusafisha tena, dawa wiki nyingi, na huenda goti likapona, huenda lisipone. Ya pili, akate juu ya goti, amalize. "Ingekuwa mguu wangu," akasema, "ningejaribu ya kwanza. Lakini ni wewe."

Nikamwuliza swali moja tu. Si kuhusu maumivu, wala kutembea. Niliuliza, "Nikikatwa juu ya goti, bodi inatoa ngapi?"

Akafikiri. "Sitini, nadhani."

Nikasema, "Kata."

Alinitazama, akaleta fomu, nikasaini. Tena kwa mwandiko mzuri. Kesho saa mbili.

Baada ya hapo nililala vizuri kuliko siku zote za mwezi huu. Hilo ndilo linaloniogopesha ninapoandika. Sikuwa mtu aliyeshindwa. Nilikuwa mtu aliyepata nyumba.

Mke wangu akaja mchana na chakula. Nikampa habari nikitabasamu. Nikamwambia hatuhami, sitini, basi, tumemaliza. Aliweka chini bakuli. Alimfuata daktari koridoni akarudi naye amemshika mkono wa koti.

"Daktari, niambie mbele yake. Hilo goti limeoza?"

"Halijaoza, mama. Lina hatari, lakini halijaoza."

"Sasa unakata nini?"

"Mwenyewe amesaini."

Akanigeukia. "Umesaini kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yenu. Watoto. Dirisha lako."

"Usinisingizie." Hakupaza sauti, na mimi ningependelea angepaza. "Mimi niliolewa na dirisha? Sikiliza, baba watoto. Ile siku nilipokwambia tano, nilikuuza. Nilijua ninachofanya. Nilikitazama kile kidonda, nikatazama cherehani, nikakuuza siku tano, na tangu siku hiyo chakula hakipiti hapa." Akajigusa koo. "Siongezi ya sita. Ukitaka kukatwa kwa sababu umeumwa, nitakushika mkono. Ukitaka kukatwa upate nyumba, utakaa humo na watoto wako, mimi simo."

Mimi nililia. Naandika kwa kuwa Sabini alisema niandike kama nimelia. Nililia kwa hofu. Niliiona nyumba inaondoka, nikaona mvua, nikaona watoto na magodoro kichwani. Na nililiona goti langu, pale juu ya shuka, limevimba, baya, lakini langu.

"Daktari," nikasema, "nirudishie ile karatasi."

20 Aprili

Wamesafisha. Goti lipo.

24 Aprili

Wamesafisha tena. Homa.

30 Aprili

Homa. Daktari hasemi sana leo. Kama nimekosea, nimekosea mara mbili, nyumba hakuna na goti hakuna. Nawaza hilo tangu kulipokucha. Mvua haikatiki.

4 Mei

Homa imeshuka kidogo. Sitaki kuamini mapema.

9 Mei

Sabini amekuja na magongo yake, ameloa chapachapa. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumpasua, wiki tatu nayatunga. Alikaa, akaniuliza kwa nini bodi haikunipa kumi yangu.

"Kidonda hakipimwi," nikamwambia. "Hakijawahi kupimwa."

"Mimi walinipimia. Nilikwenda na kidonda, nikatoka na sabini."

"Ulitoka bodi siku hiyohiyo na sabini?"

Akafikiri. "Hapana. Siku hiyo walinipeleka hospitali. Sabini ilikuja baadaye, nilipokwisha..."

Alitazama chini pale suruali yake ilipokunjwa na kubanwa kwa pini, juu ya mahali ambapo goti lingekuwa. Nilimwona anahesabu. Miaka tisa amekaa kwenye ile ndoo akiwafundisha watu, na miaka tisa hajawahi kulihesabu hilo.

"Nilikuwa na goti," akasema. "Nilikwenda bodi nikiwa na goti."

Yale maneno yangu yote ya kumpasua sikuyapata tena. Nilimpa nusu ya chungwa, tukala. Wakati wa kuondoka akauliza, kati ya wale niliosoma nao darasani kwake, wangapi wana vidonda. Nikasema simjui mwingine. "Nitawauliza mmoja mmoja," akasema, akaenda zake mvuani.

18 Mei

Usaha umekauka. Mvua imepungua.

27 Mei

Wameniruhusu. Magongo mpaka kidonda kifunge kabisa. Goti linakunjika robo tu.

11 Juni

Barua ya nyumba. Siku kumi na tisa.

25 Juni

Tumehama. Tumepata chumba kimoja nyuma ya gereji ya kuchomelea vyuma. Dirisha hakuna. Mke wangu ameweka cherehani mlangoni, wateja hawajui bado alipo, na leo amekaa kutwa hajashona hata kifungo. Binti kauliza kama tutarudi kule. Mama yake akamjibu ale kwanza. Sabini alitusaidia kubeba, yeye na magongo, kabeba mto. Sina la kujisifu hapa. Kila nikimwona mke wangu anatazama njia, najua ni njia ya kule.

2 Julai

Jua. Fundi wa mguu amenipa kikombe kipya, nikivae kwa muda wa saa moja tu kwa siku, asubuhi.

Mlango wa chumba chetu una ngazi tatu za saruji. Tangu tuhame nimekuwa nikizipanda kwa makalio, kinyumenyume, wachomeleaji wakijifanya hawaoni. Leo nilikuwa nje na mguu mpya, nikasahau. Nilikuwa nawaza mambo ya sare, nani tumwombe atutangazie kule shuleni. Nikaweka mguu wangu ngazi ya kwanza, ule wa bandia ngazi ya pili, goti likakunjika, likanibeba, mguu wangu ngazi ya tatu, nikawa ndani. Kama mtu yeyote anayeingia kwake.

Mke wangu alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua hata macho. Nikageuka nikashuka.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Sijasahau kitu," nikamwambia, na nikapanda tena.